Kuzunguka Dar ya zamani kwa miguu: mwongozo kamili kuanzia Boma la Kale mpaka Kariakoo

Wengi wetu tunapita Posta kila siku ila hatuioni. Unashuka mwendokasi, unawahi ofisini au benki, jioni unagombania siti ya kurudi Kimara au Mbagala, na pembeni yako kuna ukuta wa mwaka 1867 ambao hujawahi hata kuugusa. Huu mwongozo ni wa mtu wa hapa hapa mjini, pamoja na yule aliyekuja kutoka mkoani kwa shughuli zake akabakiwa na siku moja mbili za kupumzika.

Jambo la kwanza ni mpangilio, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tembea kwa kufuata jinsi mji ulivyojengwa: anza ufukweni alipoanzia Sultani, ingia Uzunguni kwa Mjerumani, kata Uhindini, vuka uwanja wa Mnazi Mmoja, malizia Kariakoo. Ukienda hivyo utaona kwa macho yako kwamba Dar iligawanywa vipande vitatu kwa rangi za watu, na mipaka yake unaivuka kwa miguu mpaka leo. Mtu anayeishia kwenye makanisa ya Kijerumani na Sanamu ya Askari ameona nusu tu ya mji, na hiyo nusu nyingine ndo walikoishi babu zetu.

MAANDALIZI

Siku nzuri ni Jumamosi asubuhi au Jumapili. Siku za kazi Posta kuna magari na msongamano mpaka huwezi kusimama katikati ya mtaa ukaangalia juu, na kuangalia juu ndo kazi yenyewe ya siku hiyo. Jumapili mji umetulia ila makanisa yana ibada, so kama unataka kuingia ndani subiri zipishane au njoo Jumamosi. Msimu, kuanzia Juni mpaka Septemba ndo kuna hewa, masika ya Machi mpaka Mei mitaa ya Kariakoo inajaa maji, na Januari na Februari jua lake si la mchezo. Anza saa moja asubuhi, saa sita uwe kivulini.

Vaa viatu vilivyofungwa, maana vibao vya mitaro huwa vimevunjika sehemu nyingi. Beba maji, chenji ndogo ndogo na kitambulisho cha NIDA kwa sababu Makumbusho ya Taifa raia analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Akina dada wabebe mtandio na akina kaka wavae suruali ndefu kama mna mpango wa kuingia kwenye nyumba za ibada. Simu ukishapiga picha irudishe mfukoni mbele, hasa Kariakoo.

Kuhusu picha, hili lisome mara mbili: Ikulu usipige, bandari usipige, kivuko na askari usipige. Usijaribu hata kwa kujificha. Majengo mengine ya serikali muulize mlinzi kwanza, msalimie vizuri, mwambie unapenda majengo ya zamani, na mara nyingi atakuonyesha mwenyewe pembe nzuri ya kusimama.

Muda, ukiwa na siku moja tu inawezekana ila utachoka sana na Kariakoo utaiona ukiwa huna nguvu. Mimi nashauri siku mbili, ya kwanza ufukweni na Uzunguni, ya pili Uhindini na Kariakoo.

HATUA YA KWANZA: BOMA LA KALE NA JIRANI ZAKE

Panda mwendokasi ya kwenda Kivukoni ushuke kituo cha City Council, kisha fuata Barabara ya Morogoro kuelekea baharini mpaka inapokutana na Sokoine Drive. Hapo ndo Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kuanzisha mji na bandari hapa, karibu na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, na lilikuwa la kupokelea wageni wake. Majid akafariki 1870, mrithi wake Barghash hakuwa na hamu na huu mji, ukadorora mpaka Wajerumani walipofika 1887 na kuufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Kwa hiyo majengo ya enzi za Sultani yamebaki machache mno, na hapa umesimama mbele ya mojawapo.

Usiishie kuangalia kwa mbali, sogea. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, yaani mawe ya baharini, yaliyoshikwa kwa chokaa, na ni mnene kiasi kwamba ukikaa kwenye dirisha lake unakaa kama kwenye baraza. Mlango mkubwa wa mbao una nakshi za mwambao, zile zile unazoziona Zanzibar na Bagamoyo. Halafu ukiingia ndani angalia dari: boriti za mikoko zimepangwa zikikaribiana, juu yake mawe na chokaa. Mti wa mkoko una urefu wake na haurefuki kwa kuombwa, ndo maana vyumba vya majengo haya ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita mbili na nusu mpaka tatu hivi. Ukishalielewa hilo moja, utaweza kusimama kwenye nyumba yoyote ya kale kuanzia Kilwa mpaka Lamu ukajua kwa nini chumba kiko vile.

Ndani ya Boma kuna kituo cha urithi wa usanifu wa majengo, DARCH, kilichoanza 2017, kina maonyesho ya historia ya mji kwa ramani na picha za zamani. Anzia hapo kabla ya kutembea, ramani zitakusaidia kuelewa mengine yote. Ulizia mlangoni siku na saa zao, na kama kuna mtu wa kuwazungusha ni bora zaidi.

Jirani hapo hapo Sokoine Drive kuna Atiman House, nyumba nyingine ya enzi za Majid, baadaye ikawa ya mapadri wa White Fathers. Jina limetokana na Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari na kutibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi mpaka alipofariki. Hilo jina watu wanalipita kila siku bila kujua ni la nani, na ni mtu anayestahili kujulikana kuliko magavana wengi.

HATUA YA PILI: MAKANISA MAWILI NA KIVUKONI

Fuata Sokoine Drive bahari ikiwa kulia kwako. Kabla hujafika mbali, mkabala na boti za Zanzibar, unaliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Ujenzi ulianza 1897 ukakamilika 1902, mtindo wa Kigothi, mnara umechongoka na matao ya madirisha nayo yamechongoka. Ndani kuna maandishi ya Kijerumani na michongo ya zamani juu ya altare. Vioo vya rangi nyuma ya altare vinapendeza zaidi jioni jua likiwa linashuka, so kama ratiba inaruhusu pita tena mida ya saa kumi na moja. Ingia taratibu, kaa kwenye benchi la nyuma, watu wanasali muda wote.

Endelea kupita Posta ya Zamani mpaka Mtaa wa Azikiwe unapomwagika baharini, hapo kuna kanisa la Kilutheri la Azania Front, nalo la miaka hiyo hiyo, 1899 mpaka 1902. Kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu, na mnara unaouona ukiwa kwenye boti ukirudi kutoka Unguja. Kitu cha kukitazama hapa ni madirisha: juu yake kuna vipaa vidogo vya vigae vimetokeza nje. Fundi alijua jua la hapa na mvua ya hapa, akaweka kofia kwenye kila dirisha ili hewa iingie na mvua ibaki nje. Leo tunajenga maghorofa ya vioo vitupu kisha tunalipia umeme wa kiyoyozi usiku na mchana, na jibu liko pale Azania Front zaidi ya miaka mia moja. Uliza ofisini kama unaweza kupanda mnarani.

Kutoka hapo nenda Kivukoni. Upande wa kushoto kuna mlolongo wa majengo ya ofisi za Kijerumani yenye veranda pana chini na roshani juu. Uchunguze ule mpango: chumba kiko katikati, veranda imekizunguka, jua halifiki kabisa kwenye ukuta wa chumba. Ukifika mwisho ni Feri, soko la samaki, na hapo pumzika. Kuna samaki wa kukaanga, pweza, na kelele za mnada asubuhi ambazo ni sehemu ya historia ya mji kama jengo lolote, kwa sababu wavuvi walikuwepo hapa kabla ya Sultani.

HATUA YA TATU: UZUNGUNI

Ukiitoka Feri unapita maeneo ya Ikulu. Jengo la kwanza la gavana wa Kijerumani lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na hili la sasa Waingereza walilijenga upya 1922. Simu mfukoni, pita bila kusimama simama.

Mbele, Barabara ya Barack Obama, zamani Ocean Road, kuna hospitali ya Ocean Road iliyojengwa 1897 kwa ajili ya Wazungu. Leo ni taasisi ya saratani, kuna wagonjwa na ndugu zao, kwa hiyo tazama ukiwa nje na usiingie na kamera. Kabla ya kufika hospitali yenyewe kuna kijengo kidogo cheupe chenye kuba, na hapo ndipo daktari Robert Koch alikuwa akifanya uchunguzi wake wa malaria.

Rudi ndani kupitia Mtaa wa Shaaban Robert mpaka Makumbusho ya Taifa. Jengo la zamani lilifunguliwa 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza. Ndani utakuta habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai 1959, magari waliyopanda viongozi wetu, na kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998. Tenga saa moja na nusu angalau. Jirani kuna bustani ya Botaniki iliyoanzishwa 1893 na Mjerumani Stuhlmann kwa ajili ya kujaribu mazao ya koloni, sasa imebaki kipande tu ila kivuli chake kinatosha, na Ukumbi wa Karimjee ambako Bunge lilikutana na ambako Mwalimu aliapishwa kuwa Rais mwaka 1962.

Sasa shuka na Samora Avenue. Huu mtaa umebadilishwa jina kila alipobadilika mwenye nchi: Wajerumani waliuita Unter den Akazien, Waingereza Acacia Avenue, uhuru ulipopatikana ukawa Independence, ndipo ukapewa jina la Samora Machel. Unapokutana na Azikiwe kuna Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, shaba tupu, bunduki yenye singe imeelekea bandarini. Kabla yake hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu aliyezima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri, na Abushiri mwenyewe akanyongwa Pangani Desemba 1889. Waingereza walipoteka mji 1916 wakaing'oa. Vuka barabara kwa uangalifu, zunguka sanamu yote, usome maandishi: kuna Kiingereza, kuna Kiswahili cha herufi za Kirumi, na kuna Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Inawataja askari, na wapagazi waliobeba mizigo yao pia. Hao wapagazi wakumbuke, utakutana nao tena kesho.

Kwenye Samora hiyo hiyo utaona maghorofa mapya yamesimama palipokuwa na nyumba za zamani. Salamander Tower, kwa mfano, imebeba jina la jengo la zamani lililobomolewa pale pale. Nasema hivi ili usiahirishe hii safari, jengo uliloliona mwaka huu mwakani unaweza kukuta limezungushiwa mabati. Siku ya kwanza inaishia hapo.

HATUA YA NNE: UHINDINI

Siku ya pili anzia Mnara wa Saa, mwisho wa Samora, uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Ukipenda treni sogea kwanza Stesheni, kituo cha zamani cha reli ya kati iliyoanza kujengwa 1905 na kufika Kigoma 1914, halafu tazama na jengo jipya la SGR lililopo karibu, tofauti ya zama mbili unaiona kwa kugeuza shingo tu.

Kisha ingia ndani: India Street, Indira Gandhi, Jamhuri, Zanaki, Mosque Street, Libya, mpaka Kisutu. Hapa hakuna jengo moja la kukimbilia, tembea pole pole ukiangalia ghorofa ya pili kwenda juu, kwa sababu chini fremu zote zimefunikwa na mabango. Juu ndo kwenye utajiri. Kuna roshani za mbao, kuna vizuizi vya chuma vilivyofinyangwa maua, kuna matundu ya kupitishia hewa yenye maumbo ya nyota, na kwenye kona kuna nyumba za miaka ya 1930 na kuendelea zilizojengwa kwa mtindo wa Art Deco, pembe zimekunjwa mviringo na mistari imelazwa kama meli. Angalia kileleni kabisa katikati, mara nyingi kuna jina la ukoo au mwaka umechorwa kwenye lipu. Chukua mtaa mmoja tu, tafuta miaka, uone jinsi ulivyojengwa nyumba baada ya nyumba.

Mpango wa nyumba ni ule ule, duka chini familia juu, na ua nyuma. Kwenye mitaa michache tu unapata jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismaili, misikiti ya madhehebu tofauti, na mahekalu ya Wahindu kule Kisutu. Ukitaka kuingia vua viatu, uliza mlangoni, na ukiambiwa leo haiwezekani shukuru uondoke.

Kwa nini nyingi zimechoka hivi? Mwaka 1971 sheria ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye nyumba akawa mpangaji, au akaondoka. Mpangaji hapaki rangi roshani isiyo yake, na kiwanja cha katikati ya mji kina thamani kuliko nyumba ya ghorofa mbili iliyosimama juu yake. Ukiujua huo mkasa unaacha kulaumu wanaoishi humo.

Njaa ikikuuma Kisutu na Libya kuna mishkaki, mix, kababu, chai ya maziwa yenye tangawizi. Kula hapo, usibebe chakula.

HATUA YA TANO: MNAZI MMOJA MPAKA KARIAKOO

Vuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed uingie Mnazi Mmoja na usimame katikati ya uwanja. Wengi wanauona ni bustani tu ya kupumzikia. Waingereza waliuacha wazi makusudi ili kutenganisha Uhindini na makazi ya Waafrika, kwa kisingizio cha afya. Hapo ndo mpaka wenyewe. Na hapo hapo baadaye ikafanyika mikutano ya kudai uhuru, na leo umesimama Mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Mbele yako ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, na huko ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kwenye ofisi ya TAA, chama kilichoitangulia. Pita hapo kwa heshima yake, kisha zama Kariakoo yenyewe: Mchikichi, Sikukuu, Nyamwezi, Swahili, Mkunguni, Tandamti. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa sanamu ya jana, waliowekwa kambini hapa Waingereza walipoingia.

Sokoni angalia jengo kuu kabla ya kuangalia bidhaa. Lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, likafunguliwa 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, inakinga jua, inaruhusu hewa kupita kati yake na inakusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021 na kukarabatiwa. Kwangu mimi ndo jengo bora kuliko yote kwenye hii safari, maana lilibuniwa na mtu wetu kwa ajili ya shughuli yetu.

Kisha tafuta nyumba ya Kiswahili. Zimebaki chache, zimebanwa na maghorofa pande zote, ila ukiingia mitaa ya ndani utaziona: paa la mabati lililopinda pande nne, baraza mbele ya mlango, ukumbi unaonyooka katikati toka mlangoni mpaka nyuma, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, choo na kisima au bomba. Ukumbi ukiwa wazi mbele na nyuma upepo unapita ndani ya nyumba nzima. Chumba kimoja familia moja, uani mnakutana wote, barazani wazee wanakunywa kahawa na kashata na kucheza bao. Ukikuta wazee wamekaa, toa shikamoo, nunua kikombe cha kahawa, uliza nyumba ni ya ukoo gani. Usipige picha mpaka uambiwe piga. Nusu saa barazani itakupa habari za mtaa ambazo hazimo kwenye kibao chochote.

Ukimaliza na bado una nguvu, kapande mwendokasi ushuke Magomeni, uulizie nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya uhuru, sasa ni makumbusho. Ni nyumba ndogo ya kawaida na haikuchukui muda mrefu. Kama unarudi Mbagala au Gongo la Mboto ondoka Kariakoo kabla ya saa kumi na nusu jioni, baada ya hapo kupata usafiri ni shughuli nyingine.